Ndege Inayostahili Kukatwa Mlango

Tarehe 5 Januari 2021, Amazon ilitangaza kuwa imenunua ndege 11 aina ya Boeing 767-300. Ilikuwa mara yake ya kwanza kununua ndege; tangu 2016 ilikuwa ikitumia za kukodi. Saba zilitoka Delta ya Marekani na nne WestJet ya Canada. Hakuna hata moja iliyokuwa mpya, na hakuna hata moja iliyojengwa kwa ajili ya mizigo. Zile nne za WestJet zilikuwa zimeshaishi maisha mawili: kabla ya kufika Canada zilibeba abiria wa Qantas huko Australia.

Habari nyingi za siku ile zilihusu ukubwa wa Amazon. Mimi naona jambo lenye uzito zaidi lilikuwa ndege zenyewe. Ugonjwa wa Uviko-19 ulikuwa umezitua ndege za abiria dunia nzima, na viwanja vya jangwani kama Victorville kule California na Roswell kule New Mexico, ambako hewa kavu hupunguza kutu, vilijaa ndege zilizoegeshwa. Mwenye fedha angeweza kuchagua karibu chochote. Kwa nini basi ndege kuukuu? Na katika kuukuu zote, kwa nini 767-300?

Tuanze na ukuukuu. Ndege ya abiria inayotumika vizuri hukaa angani saa 10 au zaidi kwa siku. Ndege ya vifurushi maisha yake ni mengine. Mchana imeegeshwa, jioni inapakiwa, inaruka saa mbili au tatu hadi kituo kikuu, inashusha, inapakia tena na kurudi alfajiri. Ndege mpya inayookoa mafuta hujilipia kwa kuruka sana. Isiporuka sana, akiba ya mafuta inakuwa ndogo huku deni la benki likidai kila mwezi kiasi kilekile. Kwa mwenye vifurushi, mtaji mdogo unaweza kushinda injini ya kisasa, na hapo ndege ya miaka 20 inapata soko.

Lakini sentensi hiyo imewaponza wengi, kwa sababu wanaisikia kama ruhusa ya kununua rahisi. Kugeuza 767-300 ya abiria kuwa ya mizigo, pamoja na kuikata mlango mkubwa wa shehena, kumekuwa kukigharimu zaidi ya dola milioni 10, na mara nyingi gharama ya kugeuza imeizidi bei ya ndege yenyewe. Gharama hiyo haipungui kwa sababu umenunua ndege hafifu. Mlango ni uleule, sakafu ni ileile, miezi ya karakana ni ileile. Anayeokoa dola milioni mbili kwenye ununuzi, kisha akafunga mlango wa mamilioni kwenye ndege iliyobakiza miaka minane, amezika fedha zake. Ndiyo maana utafutaji wa ndege za kugeuza, ukifanywa na wanaoijua kazi, huwa ni kutafuta maisha yaliyobaki. Umri kwenye karatasi unakuja nyuma sana.

Maisha ya ndege yanapimwa kwa mizani mbili: saa ilizokaa angani na miruko iliyofanya, yaani kupaa mara moja na kutua mara moja. Kila inapopanda, hewa ya ndani inaisukuma ngozi ya ndege kwenda nje. Kila inaposhuka, ngozi inalegea. Metali huchoka kwa kufanyiwa hivyo mara maelfu. Ushahidi mkali kuliko wote ulionekana Aprili 28, 1988, pale Boeing 737-200 ya Aloha Airlines ilipopasuka paa angani huko Hawaii na mhudumu mmoja akapoteza maisha. Ndege ile ilikuwa na saa 35,496 tu, ambazo si nyingi kwa ndege ya miaka 19. Miruko yake ilikuwa 89,680. Ilikuwa ikiruka kutoka kisiwa hadi kisiwa, safari fupifupi, katika hewa ya chumvi. Baada ya hapo kanuni za ndege zinazozeeka ziliandikwa upya, na leo kila aina ya ndege kubwa ina kikomo cha miruko na saa ambacho haivuki.

Sasa chukua 767 mbili zilizotoka kiwandani mwezi mmoja. Ya kwanza inavuka Atlantiki, safari mbili kwa siku. Ya pili inahudumu ndani ya Japani, ambako mashirika yalitumia ndege pana hata kwa safari ya saa moja. Tuseme miruko sita kwa siku. Baada ya miaka 20 ya kwanza ina miruko karibu 14,600 na ya pili zaidi ya 40,000. Tangazo la kuuza litasema zote zina miaka 20, na picha zitafanana. Kwa mtu wa mizigo ya usiku hata haziko katika kundi moja. Yeye mwenyewe ataongeza miruko miwili kwa usiku, usiku baada ya usiku, na anahitaji akiba ya kutosha ili aulipie ule mlango, kisha abaki na miaka ya faida.

Ndege zilizovuka bahari zilipendwa kwa sababu nyingine pia. 767-300 ilitengenezwa katika uzito tofauti. Ile ya kawaida iliruhusiwa kupaa ikiwa na takriban tani 159. Ile ya masafa marefu, 767-300ER, ilifika karibu tani 187 kwa uzito wake wa juu kabisa. Kwa nje huwezi kuzitofautisha kwa urahisi. Ukiigeuza ya pili unapata ndege ya kubeba zaidi ya tani 50. Ya kwanza inakupa sakafu ileile lakini unalazimika kuchagua kati ya mzigo na mafuta. ANA ya Japani, iliyokuwa mteja wa kwanza wa mpango wa Boeing wa kugeuza 767-300 na kupokea ndege yake ya kwanza mwaka 2008, ilitumia za ER. Tena ilitumia zake yenyewe, ikijua kila kilichowahi kuzipata, na hilo ni bora kuliko punguzo lolote la bei.

Hivyo ndivyo ninavyousoma mkataba mwingine, uliotangazwa miaka miwili kabla ya ule wa Amazon. Januari 2019 kampuni ya ATSG ya Wilmington, Ohio, ilikubaliana na American Airlines kuchukua 767-300 ishirini, zipokelewe kidogokidogo hadi 2021, kisha zigeuzwe na kukodishwa. ATSG ilikuwa mmoja wa waliokuwa wakiikodishia Amazon ndege tangu 2016, kwa hiyo haikuwa ikinunua kwa kubahatisha. Idadi ndiyo iliyonivutia. Ndege ishirini za shirika moja zina mpangilio mmoja wa chumba cha rubani, injini za aina moja, ratiba moja ya matengenezo na namna moja ya kuandika kumbukumbu. Mtu anayeokota moja Chile, moja Italia na moja Thailand anaweza kulipa kidogo kwa kila moja, kisha akatumia miaka kumi akinunua spea za namna tatu na kufundisha marubani tofauti za namna tatu. American pia ilikuwa imezifunga 767 zake vincha vya kupinda mwishoni mwa mabawa kuanzia 2009, ambavyo hupunguza mafuta kwa asilimia kadhaa. Mnunuzi alikuta kazi hiyo imeshalipiwa.

Injini zinastahili uchunguzi wa pekee. Katika ndege ya umri huu, injini mbili zinaweza kuwa na thamani kubwa kuliko vingine vyote vikijumlishwa. 767-300ER zilifungwa injini za General Electric CF6, za Pratt & Whitney PW4000, na chache za Rolls-Royce RB211, nyingi kati ya hizo chache zikiwa za British Airways. Injini iliyouzwa kidogo ni tatizo kwa mnunuzi wa mwisho: injini ya akiba ni adimu, karakana inayoijua iko mbali, na siku ikiharibika ndege inasimama. Hata kwa CF6 iliyoenea kote, swali la kwanza ni visahani vinavyozunguka ndani yake. Kila kisahani kina kikomo chake cha miruko kilichowekwa na mtengenezaji, mara nyingi 15,000 au 20,000. Kikifika hapo kinatolewa hata kama hakina mkwaruzo. Injini inayonguruma vizuri leo ikiwa imebakiza miruko 900 ni bili ya mamilioni inayokuja mwaka ujao. Magurudumu ya kutua nayo hufumuliwa yote na kutengenezwa upya kila baada ya miaka kumi hivi, kwa hiyo tarehe ya mara ya mwisho huhesabiwa kama fedha.

Kisha karatasi. Hapa nakaa kidogo, maana ndipo ndege nyingi nzuri hukataliwa na ndipo wanunuzi wageni huumia.

Kile kisahani cha injini hakitambuliki kwa macho. Kinachokiruhusu kuruka ni mfululizo wa hati unaoanzia siku kilipotoka kiwandani: kilifungwa injini ipi, ya ndege ipi, ya shirika lipi, kikafanya miruko mingapi, kikatolewa lini, kikakaguliwa na karakana yenye kibali gani, kikafungwa wapi tena. Kipande kimoja cha historia hiyo kikikosekana, tuseme miezi saba ambayo ndege ilikuwa kwa shirika lililofilisika na makabati yake yakapotea, kisahani hakiwezi kuthibitishwa. Kisichothibitishwa hakirushwi, hata kama ni kizima kabisa. Mnunuzi makini hutuma watu wa kumbukumbu kabla ya kutuma fundi. Wanakaa majuma kadhaa katika chumba chenye maboksi, wakilinganisha sahihi na tarehe, na matokeo yao ndiyo yanayoamua kama kuna haja ya kuiona ndege.

Fundi anapofika, anakwenda kusiko na mvuto. Anayenunua ndege ya kubeba watu huanza na viti, skrini na rangi. Anayetafuta ya kugeuza hupita hapo bila kusimama, kwa sababu vyote vinakwenda kung'olewa. Anataka sakafu ifunguliwe chini ya majiko na vyoo. Huko chai, soda, maji ya sinki na uvujaji wa vyoo vimedondoka kwa miaka 20, na mihimili huliwa na kutu polepole bila abiria yeyote kujua. Anataka pia ule mchoro unaoonyesha kila mbonyeo na kila kiraka kilichowahi kuwekwa kwenye mwili wa ndege, maana gari za kupakia huzigonga ndege mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kiraka upande wa kulia, nyuma ya bawa, kinaweza kusamehewa. Kiraka upande wa kushoto, mbele ya bawa, kinaweza kuivunja biashara nzima.

Upande wa kushoto mbele ndipo mlango unapokatwa. Katika 767 ni uwazi wa takriban mita 3.4 kwa mita 2.6. Nguvu zilizokuwa zikipita kwenye ngozi pale lazima zipewe njia nyingine, kwa fremu nene kuzunguka uwazi na ngozi ya ziada juu na chini yake. Hesabu za uhandisi zilizofanywa kwa ajili ya cheti cha kugeuza zinachukulia kwamba ngozi ya eneo hilo ni ile iliyotoka kiwandani. Ikiwa kuna kiraka kikubwa cha zamani pale, au shirika liliwahi kuweka fremu ya aina yake, wahandisi wanarudi kwenye meza na mnunuzi analipa. Cheti chenyewe kinataja ni ndege zipi kinazigusa, hadi kwenye namba za mfululizo wa kiwandani. 767 mbili za jina moja zinaweza kutofautiana unene wa fremu kwa kuwa Boeing ilibadilisha michoro katikati ya miaka. Antena ya intaneti iliyowekwa mgongoni mwa ndege baadaye huleta maswali ya namna hiyohiyo: nani aliidhinisha, na michoro iko wapi?

Kazi ya kugeuza ikishaanza haina siri nyingi. Karakana za kampuni ya IAI ya Israel huko Tel Aviv, ambako 767 nyingi za ATSG zimepitia, huchukua miezi kadhaa kwa ndege moja: kabini inavuliwa, mihimili ya sakafu inaimarishwa, madirisha yanazibwa, mlango unafungwa, ukuta mgumu wa kuwakinga marubani unawekwa ili shehena isiwafikie ndege ikisimama ghafla, pamoja na vigundua moshi na roli za kusukumia paleti. Sitaha kuu ya 767-300 inapokea paleti 24.

Hizo paleti 24 ndizo zinazoeleza kwa nini Amazon ilikwenda kwa 767. Vifurushi vya mtandaoni ni vikubwa kwa umbo na vyepesi kwa uzito. Ndege hujaa kabla haijalemewa. Anayebeba vifurushi ananunua nafasi. Ndege nyembamba kama 737-800 ina sitaha ya paleti 12 hivi na hubeba karibu tani 24, na inafaa miji midogo. 777-300ER ni kubwa mno kwa usiku wa kawaida kati ya miji miwili ya Marekani. 767 ilisimama katikati, ikiwa bado inajengwa kiwandani kama ndege ya mizigo, maana yake spea zingeendelea kupatikana kwa miaka mingi.

Huku kwetu Afrika Mashariki hesabu inageuka. Samaki wa Mwanza na nyama ni mizigo mizito kwa umbo dogo. Ndege inafikia kikomo cha uzito huku juu ya paleti kukiwa na nafasi tupu. Anayenunua kwa ajili ya mzigo huo lazima aulize kwanza uzito wa kupaa na nguvu ya injini. Na viwanja vyetu vinaidai nguvu hiyo zaidi. Uwanja wa Jomo Kenyatta wa Nairobi uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, Addis Ababa mita 2,334. Hewa ni nyembamba, bawa linapata mashiko kidogo, injini inatoa nguvu pungufu, na ndege ambayo Ohio ingepaa na shehena kamili inalazimika kuacha tani kadhaa chini. Hati ya mauzo haitakuambia hilo. Kenya Airways imeingiza 737-800 zilizogeuzwa, ndege ambazo zikiwa zimejaa hufika umbali wa takriban kilomita 3,700 katika mazingira ya kawaida. Kutoka Nairobi hadi Sharjah ni karibu kilomita 3,600. Njia hiyo inafanyika, ila ukingo ni mdogo, na joto la adhuhuri linaula.

Ethiopian imekwenda mbali zaidi. Mwaka 2021 ilikubaliana na IAI kuanzisha kituo cha kugeuza 767-300 mjini Addis Ababa, ikianza na ndege zake yenyewe, njia ileile ya ANA. Tanzania ilichagua njia tofauti kabisa: Juni 2023 Air Tanzania ilipokea 767-300F mpya kutoka kiwandani, yenye uwezo wa tani 54. Faida ya uamuzi huo ni maisha kamili na karatasi zisizo na pengo. Sharti lake ni kali vilevile. Ndege mpya ya mizigo lazima ipate shehena ya kwenda na kurudi karibu kila siku, kwa sababu deni lake haliwezi kulala uwanjani mchana kutwa. Kwa njia ambazo mzigo ni wa msimu, mimi ningeanza na iliyogeuzwa.

Lakini kuipata nzuri kumekuwa kugumu tangu siku zile za Amazon. Mwaka 2020 ndege za abiria zilipotua, matumbo yao yalitua nazo, na matumbo hayo ndiyo hubeba karibu nusu ya mizigo ya anga duniani. Bei ya usafirishaji ikapaa huku bei ya ndege kuukuu ikishuka. Kila mwenye mtaji akataka kugeuza. Miaka mitatu baadaye mambo yalikuwa yamepinduka. Abiria walirudi, viwanda vikachelewesha ndege mpya, na mwaka 2023 matatizo ya injini za Pratt & Whitney za A320neo yakazisimamisha ndege nyingi changa. Mashirika yakazishikilia zile za zamani. A321 iliyotarajiwa kukatwa mlango ikaendelea kubeba watu, au ikachinjwa kwa ajili ya injini zake, kwa sababu injini peke yake zilikuwa na soko kuliko ndege nzima. Huyu mchinjaji ndiye mshindani ambaye wanunuzi wengi wa mizigo husahau kumhesabu: kila ndege kuukuu ina wateja watatu, na wa mizigo mara nyingi ndiye mwenye mfuko mwepesi.

767-300ER zilizobaki kwa Delta na United zinazidi kula miruko kila mwaka zinapobaki kazini, na Boeing imesema itaacha kujenga 767 ya mizigo ya kibiashara mwaka 2027. Macho yamehamia kwa Airbus A330-300, inayogeuzwa na kampuni ya EFW ya Dresden, ambayo DHL ilipokea ya kwanza mwishoni mwa 2017. Inabeba karibu tani 60, na tumbo lake linapokea makontena ya kawaida mawili ubavu kwa ubavu, jambo ambalo 767 haiwezi. Ina kasoro yake: ikiwa imesimama, pua iko chini kuliko mkia, sakafu inateremka kuelekea mbele, kwa hiyo EFW huifunga mitambo ya kusukuma paleti kupanda ule mteremko. A330-300 zilijengwa kwa uzito tofauti wa kupaa na kwa injini za watengenezaji watatu. Nyingi ziliruka safari za saa mbili tatu kati ya miji ya Asia, nyingine zikavuka bahari. Anayezitafuta leo atauliza yaleyale: miruko mingapi, uzito upi, injini ipi, na maboksi ya karatasi yako wapi.